Pesa Inapita Kwenye Laini Yako, Lakini Unapata Ngapi?

Ukikaa kwa wakala pale Kanamkemer, Lodwar, jioni moja tu, utawaona vijana wakitoa pesa kidogo kidogo: mia mbili, mia tatu, mia na hamsini. Wengi wametoka kazini. Wengi pia watakuambia pesa inaingia karibu kila siku, ila mwezi ukiisha hawaoni ilikoenda. Makala hii tumewaandikia hao, na wenzao wa Kakuma na Kalobeyei.

Tuseme jambo moja kwanza. Sisi ni kampuni ya malipo. Hatuna kazi ya kukupa, na hatutakuambia kwamba ukiacha kunywa chai utatajirika. Kipato cha kijana Turkana ni kidogo kwa sababu kazi za mshahara ni chache. Utafiti wa serikali wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba watu 79 hivi kati ya kila 100 kwenye kaunti hii waliishi chini ya mstari wa umaskini, kiwango cha juu kuliko kaunti nyingine zote. Halafu mvua ikakosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, mifugo ikafa, na vijana waliokuwa wakichunga wakaingia mjini kutafuta kibarua. Kazi za kaunti tangu ugatuzi wa 2013, za mashirika, za shule na za hospitali haziwatoshi wanaomaliza masomo kila mwaka. Wengine wote wanajitafutia: bodaboda, mjengo, mkaa, samaki wa kutoka Kalokol, kinyozi, mtumba.

Hiyo hatuwezi kuibadilisha. Tunachoweza ni kukuonyesha jinsi ya kusoma rekodi ambayo tayari unayo. Laini yako imeandika kila shilingi iliyoingia na kutoka. Shida ni kwamba rekodi hiyo ni rahisi kuisoma vibaya, na ukiisoma vibaya unaishia kwenye deni.

Iliyoingia si yako yote

Agiza taarifa ya akaunti, ile watu huiita steitimenti, kupitia menyu ya simu au programu. Chagua mwezi mmoja uliokamilika. Juu kabisa utaona jumla ya pesa iliyoingia na jumla ya iliyotoka. Karibu kila mtu huangalia ile ya kwanza na kusema, kumbe mimi hupata hivi!

Hapana. Hicho ni kiasi kilichopita kwako. Kalamu iko wapi?

Tuchukue mfano wa mwendesha boda wa Lodwar ambaye pikipiki si yake. Tuseme kwa siku abiria wanamlipa 900, na anafanya kazi siku 26. Hiyo ni 23,400. Mwezi huo pia babake aliuza mbuzi, na kwa kuwa mzee hana simu, mnunuzi alituma 4,000 kwa laini ya kijana. Halafu alikopa 3,000 pikipiki ilipoharibika. Taarifa yake itasema zimeingia 30,400.

Sasa futa. Mkopo si kipato, ni deni ambalo bado halijalipwa: toa 3,000. Pesa ya mbuzi ni ya mzee, ilipita tu kuelekea kwa unga na dawa za mifugo: toa 4,000. Imebaki 23,400. Mafuta, ambayo Lodwar ni ghali kuliko Nairobi, tuseme 300 kwa siku: 7,800. Mwenye pikipiki naye anachukua 300 kila jioni: 7,800 nyingine. Kubadilisha oili na ukarabati mdogo, 500 kwa wiki: 2,000. Kinachobaki ni 5,800.

Elfu tano na mia nane. Kwa siku 26 alizofanya kazi ni kama 223 kwa siku, na bado hajala, hajalipa nyumba, hajanunua bando. Namba hiyo inauma, tunajua. Lakini ndiyo namba yake ya kweli, na kila uamuzi mwingine ufanywe juu ya 5,800, usifanywe juu ya 30,400.

Jambo la mzee na mbuzi tumelitaja makusudi. Katika Turkana kijana mwenye simu mara nyingi ndiye benki ya familia nzima. Pesa ya ndugu aliye malishoni, ya dada anayesoma, ya jirani asiye na kitambulisho, zote hupitia kwake. Ni heshima, na pia ni mzigo, kwa sababu zikichanganyika na zake hajui tena anatumia ya nani. Ikija siku ya kuulizwa, anajaza pengo kwa kukopa.

Kwa nini kiwango chako cha mkopo kinapanda

Hapa ndipo usomaji mbaya unapokuwa hatari. Wakopeshaji wengi wa simu huangalia pesa inavyozunguka kwenye laini na jinsi ulivyolipa zamani. Pesa ya mbuzi wa mzee inazunguka. Mkopo uliochukua huku ukalipa kule unazunguka. Kwa hiyo kijana anayebaki na 5,800 anaweza kuona ujumbe kwamba sasa anastahili kukopa 8,000, akadhani mtu fulani amemhesabia na kuona anaweza kulipa. Hakuna aliyemhesabia mafuta na pikipiki. Kiwango cha mkopo hakisemi lolote kuhusu kinachobaki mfukoni mwako, na hilo tunalisema hata kuhusu mikopo inayopatikana kupitia huduma kama zetu.

Kama lazima ukope, linganisha gharama kwa shilingi, usiangalie asilimia peke yake. Hazina ya Hustler, iliyoanza Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Ukikopa 1,000 na kulipa ndani ya siku 14, riba ni kama shilingi 3. Jua tu kwamba hutapokea 1,000 kamili, kwa kuwa asilimia 5 inawekwa akiba kwa jina lako. Sasa chukua mkopo wa kujazia salio unaotoza, tuseme, shilingi 6 kwa siku kwa deni hilohilo. Siku 14 ni shilingi 84. Ukiubeba mwezi mzima kila mwezi, umelipa 180 kwa mwezi kwa ajili ya elfu moja isiyoisha. Na kabla ya kupakua programu yoyote ya mkopo, angalia orodha ya wakopeshaji wa kidijitali walioidhinishwa na Benki Kuu ya Kenya. Sheria ya kuwasajili ilianza kutumika 2022, na asiye kwenye orodha hana ruhusa ya kukukopesha.

Ada ndogo, mwezi mrefu

Hii ni fupi lakini inawagusa wengi. Tuseme ada ya kutoa pesa kwa wakala ni shilingi 29 kwa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 (bei hubadilika, angalia ya sasa). Mwenye kibarua cha 300 kwa siku akitoa kila jioni, kwa siku 26 amelipa 754. Hiyo ni kazi ya siku mbili na nusu. Akitoa mara moja kwa wiki, ni 116.

Tunajua jibu lako: nitakula nini hiyo wiki? Ndiyo maana hatusemi usitoe. Tunasema lipa bila kutoa pale inapowezekana. Duka na kituo cha mafuta chenye namba ya till, kwa kawaida mnunuzi halipi ada. Toa taslimu kwa yule mama wa mboga asiye na till, na kwake tu.

Kakuma: pesa ya uhakika, milango michache

Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar, hesabu ni tofauti. Kambi ilianza 1992, na ripoti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ya 2018 ilihesabu biashara zaidi ya 2,000 na uchumi wa takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Si mahali pasipo na pesa. Lakini kijana mkimbizi aliyesoma, anayefundisha darasani au kutafsiri hospitalini, mara nyingi halipwi mshahara. Hulipwa insentivu, kwa kuwa kibali cha kazi ni kigumu kupata, na Mkenya anayefanya kazi ileile huweza kulipwa mara kadhaa ya hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 zinalenga kufungua milango hiyo. Kwa sasa wengi bado wanaishi kwa insentivu, na msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka huohuo wa 2025, insentivu moja ikaanza kulisha midomo zaidi, na wenye maduka wakaona wateja wakipungua.

Faida moja ya insentivu ni kwamba ina tarehe. Mwendesha boda wa Lodwar hajui kesho atapata nini. Mwalimu wa Kakuma anajua, hata kama ni kidogo na wakati mwingine inachelewa. Kwa hiyo hesabu yake inaanza siku pesa inapoingia: siku hiyohiyo tenga ya chakula kwenye akiba ya simu, kabla habari hazijasambaa kwamba wamelipwa. (Habari husambaa haraka kuliko ujumbe wetu.)

Hazina ya Hustler inahitaji kitambulisho cha taifa, kwa hiyo mlango huo umefungwa kwa mkimbizi. Uliobaki wazi ni biashara ndogo, na kikwazo chake kikubwa ni safari: huwezi kwenda Kitale au Eldoret kununua bidhaa bila kibali cha kutoka kambini. Wengi huagiza kwa simu na mzigo huja kwa lori. Ukifanya hivyo, lipa kwa namba ya till au ya kampuni, jina la biashara litokee kwenye ujumbe kabla hujaweka PIN. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi na mzigo usifike, umebaki na jina la mtu ambaye huwezi kusafiri kumtafuta. Pia angalia tarehe ya kadi yako ya mkimbizi. Ikikaribia kuisha, anza kuifuatilia mapema, kwa sababu bila kitambulisho halali unaweza kukwama kwa wakala na pesa yako mwenyewe.

Ujumbe wa "umechaguliwa"

Kazi zikiwa chache, matapeli huuza matumaini. Ujumbe unakuja: umechaguliwa na shirika kubwa, tuma 1,450 ya vipimo vya afya au ya mafunzo, nafasi inafungwa saa kumi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayekuomba pesa ili akupe kazi hana kazi. Ukishatuma, piga simu kwa huduma kwa wateja dakika hiyohiyo. Tunaweza kuzuia pesa ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Ikishatolewa, hatuna cha kuzuia.

Wapo pia wanaokupa 500 usajili laini kwa kitambulisho chako wao waitumie. Laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi wakiifuata watafika kwako.

Ukishajua namba yako

Rudi kwa yule wa 5,800. Akiijua, anaweza kuuliza swali la maana: je, niendelee na pikipiki ya mtu, au kuna njia ya kupandisha hii namba? Kwake, adui mkubwa ni ile 7,800 ya kila mwezi kwa mwenye pikipiki. Kwa mwaka ni 93,600. Hapo kuzungumza na chama au sako kuhusu kununua pikipiki pole pole kuna hesabu nyuma yake, na taarifa ya miezi sita aliyoisafisha kwa kalamu ndiyo atakayowaonyesha.

Kwa fundi wa mjengo, wa kuchomelea vyuma au wa cherehani asiye na cheti, njia mojawapo ni mtihani wa ufundi wa NITA. Hupimwa kwa kazi ya mikono, kuanzia daraja la tatu, na huhitaji kuwa umesomea chuoni. Bila karatasi hiyo utaendelea kulipwa kama msaidizi hata kama ndiye unayejenga ukuta. Gharama yake igawanye kwa namba yako ya kweli, ujue itakuchukua wiki ngapi.

Na kama laini yako ndiyo inayobeba pesa ya mzee, mpeleke kwa wakala siku ya soko na kitambulisho chake, asajiliwe akaunti yake. Kusajiliwa ni bure, na hata simu ya kawaida ya kubonyeza inatosha. Kama hana kitambulisho, fungua sehemu ya akiba kwenye simu yako uiite "Mbuzi", pesa yake iingie huko siku ileile, na kiasi ukiandike kwenye daftari akiwa amekaa hapo anaona.