MBIU YA MGAMBO IKILIA, KUNA JAMBO

Ndugu msomaji, hebu fikiri jambo hili.

Ni usiku wa manane. Mwezi umekwisha zama. Mama mmoja mjane anaamka kwa sababu mbwa wanabweka. Anatoka nje na taa yake. Anakuta mlango wa zizi uko wazi. Miiba imesogezwa kando. Maksai wake wawili hawamo.

Maksai wawili si nyama tu. Hao ndio wanaovuta plau. Hao ndio wanaokokota mkokoteni wa maji na wa mavuno. Mvua za kwanza ziko karibu. Bila maksai, mama huyu atalima kwa jembe la mkono. Shamba lake lote hataliweza. Mwakani ghala lake litakuwa nusu tupu. Kwa hiyo mwizi hakuchukua ng'ombe tu. Amechukua na chakula cha watoto cha mwaka mzima.

Mama huyu afanye nini? Kituo cha polisi kiko mbali. Hawezi kuwafuata wezi gizani peke yake. Amebaki na kitu kimoja tu, nacho ni sauti yake. Anapiga yowe.

Sasa swali ni letu sisi tuliolala. Je, tutatoka? Au tutajifunika blanketi na kusema, "Hao si ng'ombe wangu"?

FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA

Wazee wetu walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu yako wa damu anaweza kuwa Mwanza au Dar es Salaam. Anakupenda, lakini usiku huu hawezi kukufikia. Anayeweza kukufikia ni jirani.

Wasukuma na Wanyamwezi wanalijua jambo hili tangu zamani. Wana neno lao, mwano. Mwano ni yowe la hatari. Mwano ukipigwa, kila mtu mwenye nguvu anapaswa kutoka na kukimbilia kule unakotoka. Haulizi kwanza ni mali ya nani. Anatoka, kisha anauliza.

Desturi hiyo ndiyo iliyozaa jeshi la jadi la sungusungu. Sungusungu ni wadudu weusi wanaouma. Mmoja peke yake si kitu, unamkanyaga na kupita. Lakini wakija wengi, hata mtu mzima hukimbia. Jina hilo lilichaguliwa vizuri.

SUNGUSUNGU WALIVYOANZA

Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika sehemu za Shinyanga na Tabora. Wakati huo hali ilikuwa ngumu. Nchi yetu ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Bidhaa madukani zilikuwa haba. Baada ya vita, bunduki nyingine ziliangukia mikononi mwa watu wabaya. Wezi wa ng'ombe wakaongezeka, tena wakawa na silaha. Polisi walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi.

Wanavijiji wakaona kwamba wakiendelea kukaa kimya watamalizwa. Wakajipanga. Kila kijiji kikachagua viongozi wake. Mkuu wao aliitwa ntemi. Mwandishi wao aliitwa katwiri. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, na wengine walibeba filimbi.

Kazi yao ilikwenda hivi. Ng'ombe wakiibwa, yowe au filimbi inalia. Watu wanakusanyika. Wanatafuta nyayo za ng'ombe na kuzifuata. Wakifika mpaka wa kijiji cha pili, wanapiga yowe tena. Watu wa kijiji hicho wanatoka na kuungana nao. Hivyo hivyo mpaka kijiji cha tatu na cha nne. Mwizi anakuta mbele kuna watu, na nyuma kuna watu. Ng'ombe hana mbawa, hawezi kurushwa juu ya vijiji. Mifugo mingi ilirudi kwa wenyewe kwa njia hiyo.

Je, yule aliyesikia yowe akalala? Huyo alitozwa faini. Akikataa, alitengwa. Hakuna aliyemsalimu. Hakuna aliyempa moto wala maji. Kwa mtu wa kijijini, adhabu hiyo ni nzito kuliko fedha. Maana yake ni kwamba ukiwatupa wenzako, nao watakutupa.

Mwaka 1989 Bunge lilitunga sheria iliyowatambua sungusungu na kuwapa uwezo wa kukamata wahalifu. Tangu hapo wakawa na nafasi yao katika sheria.

MAKOSA TUSIYARUDIE

Ndugu msomaji, si vema kusifu tu. Ukweli wote lazima usemwe.

Sungusungu walirudisha mali nyingi, lakini pia yalitokea makosa makubwa. Watu wengine walipigwa ili wakiri. Wengine waliuawa bila kufikishwa mahakamani. Mtu akifa, hawezi tena kusema, "Sikuwa mimi." Na ikijulikana kesho kwamba kweli hakuwa yeye, nani atamfufua?

Jambo lingine baya lilikuwa kuwashuku wazee kuwa ni wachawi, hasa akina mama wazee. Wengine walishukiwa kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Lakini sehemu nyingi za Usukuma kuni ni haba. Mama anapika kwa mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Amekaa katika moshi huo kwa miaka arobaini au hamsini. Macho yake yataachaje kuwa mekundu? Macho mekundu ni kazi ya moshi. Bibi huyo anahitaji jiko bora na daktari. Hahitaji panga.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema kwamba mtu anayeshtakiwa kwa kosa asitendewe kama mwenye hatia mpaka hatia yake ithibitishwe. Kila mtu ana haki ya kuishi. Hata mwizi anayo haki hiyo.

Raia anaweza kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake. Lakini akimkamata, lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kukamata ni kazi ya walinzi. Kuchunguza ni kazi ya polisi. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Walinzi wakitaka kufanya kazi zote tatu, ulinzi unageuka kuwa uhalifu. Anayemuua mwizi aliyekwisha kamatwa, naye ni muuaji. Atafungwa yeye, na watoto wake watateseka.

Tena kuna jambo la akili hapa. Mwizi aliye hai anaweza kusema alikouza ng'ombe, na nani alimnunulia. Mwizi aliyekufa hasemi kitu, na wenzake wanaendelea kuiba.

"MIMI SINA NG'OMBE"

Asubuhi baada ya yowe, mara nyingi husikika mazungumzo kama haya. Mzee anamkuta kijana njiani.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jana usiku hukusikia yowe?"

"Nilisikia, mzee. Lakini nilikuwa nimechoka. Tena mimi sina ng'ombe hata mmoja."

"Ni kweli, ng'ombe huna. Lakini nyumba unayo?"

"Ninayo."

"Imeezekwa kwa nini?"

"Kwa nyasi, mzee."

"Basi siku nyasi zile zikishika moto usiku, utamwita nani? Utawaita wenye ng'ombe?"

Kijana ananyamaza. Hana jibu.

Mzee huyo amesema kweli. Kulindana si kwa ajili ya ng'ombe tu. Leo ni zizi la mwenzako. Kesho ni paa lako. Keshokutwa ni mkeo ameshikwa na uchungu wa kuzaa usiku, na unahitaji watu wanne wa kubeba machela au kusukuma baiskeli mpaka zahanati.

ULINZI UNAANZA MLANGONI

Watu wengi hufikiri ulinzi ni mishale na marungu. Sivyo. Ulinzi huanza kwa kujuana. Katikati ya miaka ya 1960, wakati wa TANU, ndipo ulipowekwa mpango wa nyumba kumi kumi zenye balozi mmoja. Balozi alijua nani amehama, nani ana mgeni na nani mgonjwa. Jirani zetu wa Kenya nao walianzisha mpango wao wa Nyumba Kumi mwaka 2013.

Siku hizi, kwa sheria, kila kijiji kina Halmashauri ya Kijiji, na ndani yake kuna kamati ya ulinzi na usalama. Kuna wenyeviti wa vitongoji. Kata nyingi zina polisi kata. Wajue watu hao kwa majina. Usingoje usiku wa hatari ndipo uulize nyumba ya mwenyekiti iko wapi.

Haya ndiyo mambo ambayo kila kitongoji kinaweza kufanya:

1. Tupange zamu za kulinda usiku. Majina yaandikwe na yasomwe mbele ya wote. Tajiri na maskini washike zamu sawa.

2. Tukubaliane juu ya alama ya hatari. Inaweza kuwa filimbi, ngoma au yowe. Asiichezee mtu. Atakayepiga yowe la uongo leo, kesho hataaminiwa.

3. Tuandike mifugo yetu. Rangi yake, pembe zake, chapa yake. Ng'ombe mwenye chapa ni vigumu kumwuza kwa wizi.

4. Tusinunue mnyama gizani. Mwuzaji aonyeshe kibali. Bei ikiwa rahisi mno, ujue kuna jambo. Kama hakuna mnunuzi wa mali ya wizi, mwizi atamwuzia nani?

5. Fedha za ulinzi ziandikwe kwenye daftari na stakabadhi itolewe. Mkutano Mkuu wa Kijiji usomewe hesabu. Fedha zisizoandikwa huleta ugomvi, na ugomvi huua ulinzi.

Wasomaji wapya, hapa ndipo kisomo kinapofaa. Zamani kazi ya kuandika ilikuwa ya katwiri. Sasa wewe pia unaweza. Unaweza kusoma orodha ya zamu na kuona kama jina la mtoto wa mkubwa limerukwa. Unaweza kuandika alama za ng'ombe wako. Unaweza kusoma stakabadhi kabla ya kutoa fedha yako.

Andika pia namba hizi mbili ukutani, karibu na mlango. Polisi ni 112. Zimamoto ni 114. Mwenye simu kitongojini apige mara moja. Wengine waendelee na kazi ya kusaidia.

MOTO NAO NI MWIZI

Moto ni mwizi asiyeacha nyayo. Kiangazi, nyumba ya nyasi huteketea kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo tusiache koroboi ikiwaka tunapolala. Tusiweke petroli ndani ya nyumba. Tufyeke majani yaliyozunguka nyumba. Tuweke ndoo ya mchanga karibu na jiko.

Nyumba ikishika moto, kwanza tuokoe watu. Vyombo baadaye. Wengine wapange mstari kutoka kisimani na kupokezana ndoo. Wengine waloweshe mapaa ya nyumba za jirani ili moto usiruke. Mafuta yakiwaka, usimwage maji, kwa maana maji huyatawanya. Tumia mchanga.

Mtu aliyeungua apozwe kwa maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20 hivi. Usimpake mafuta, udongo wala dawa ya meno. Mfunike kwa kitambaa safi na mpeleke zahanati.

Baada ya moto, msaada usiishie hapo. Aliyeunguliwa hana pa kulala. Kila nyumba ikitoa fungu moja la nyasi na mti mmoja, na kila mtu akija siku moja kufanya kazi, nyumba mpya itasimama. Haba na haba hujaza kibaba.

TURUDI KWA YULE MAMA

Tulimwacha mama mjane akipiga yowe. Mwisho wa hadithi yake hatukuuandika. Mwisho huo mtauandika ninyi wenyewe, katika kitongoji chenu.

Watu wakilala, maksai watakuwa mbali kabla ya jua kuchomoza, na shamba litabaki pori. Watu wakitoka, nyayo bado ni mbichi na wezi hawajafika mbali. Wakikamatwa, wakabidhiwe polisi wakiwa hai. Maksai warudi zizini. Mvua ikinyesha, mama alime.

Usiku huo akili nyingi hazitahitajika. Itahitajika miguu ya kutoka nje na mkono wa kujizuia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu, alama ya hatari ni ipi? Kila mtu anaijua?

2. Zamu ya mwisho ya ulinzi ilikuwa lini? Nani hakuja, na kwa nini?

3. Mwizi akikamatwa leo usiku, tutampeleka wapi, na nani atakayehakikisha hapigwi?

4. Ni mzee gani karibu nasi anayeishi peke yake? Nani atamwamkia kesho asubuhi?