Binti akiwa na semina, soko lingoje

Watoto wetu walioingia mwaka wa kwanza wa uchumi na biashara wanarudi nyumbani na neno hili: semina. Wengine wanasema TD. Nasi tunasikia mama akimwambia binti yake: "Leo hauna profesa, basi nenda ukauze." Hapo mtoto anapoteza somo lenyewe.

Katika ukumbi mkubwa profesa anasema, wote wanaandika. Binti mwenye haya anaweza kumaliza mwaka bila kufungua kinywa. Katika semina wako wachache pamoja na asistanti, na kila mmoja anafika ubaoni.

Tuchukue hesabu ya kwetu. Mama amenunua mfuko wa mchele Alunguli kwa franka 60.000. Amelipa 3.000 kuvuka Lualaba kwa pirogi. Ameuza, amepata 68.000, lakini makopo mawili, yenye bei ya 2.000, amepikia watoto. Faida ni ngapi? Wengi wataandika upesi 5.000. Ndipo mmoja anauliza: na yale makopo? Mama amejichukulia mali yake. Inaandikwa pembeni, haihesabiwi kama matumizi ya biashara. Basi biashara imezaa 7.000. Wanabishana mpaka waelewe, na kubishana huko ndiko kusoma. (Sisi wa sokoni tunajua kwamba nyumba inakula biashara, lakini daftari zetu hazionyeshi imekula kiasi gani.)

Tena, mfumo wa LMD unaofuatwa sasa katika vyuo vya nchi yetu unahesabu kredi. Kredi 1 ni saa 25: saa 15 pamoja na mwalimu, saa 10 za mwanafunzi kujifanyia kazi mwenyewe. Mwaka una kredi 60. Zidisheni: saa 600 za kujisomea. Kwa hiyo ukimwona binti ameinama juu ya daftari, usiseme amekaa bure. Kaka yake akisoma, nani anamwita achote maji?

Wiki hii kila mama mwenye mtoto huko aombe ratiba ya semina, aibandike ukutani karibu na ile ya likelemba. Na mwenye daftari la mauzo amwazime mtoto, wakalipige hesabu na wenzake. Akirudi, amweleze mama yake walichokiona.