Safari Rally ya Afrika Mashariki

Safari Rally ya Afrika Mashariki ni mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kufanyika katika nchi tatu zilizokuwa chini ya utawala wa Uingereza: Kenya, Uganda na Tanganyika (baadaye Tanzania). Mwanzoni yaliitwa East African Coronation Safari. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari Rally, na tangu katikati ya miaka ya 1970 yanajulikana kama Safari Rally. Siku hizi hufanyika Kenya pekee.

Mashindano haya yalianzishwa na Waingereza kwa heshima ya malkia wao. Hata hivyo, kwa miaka karibu ishirini mabingwa kutoka Ulaya walishindwa kuyashinda. Ushindi ulikwenda kwa wakazi wa Afrika Mashariki waliozijua barabara zake, wakiwemo Waingereza wahamiaji, Wahindi na Wazungu wa mataifa mengine. Katika makala hii neno "Waingereza" linajumuisha pia watu wa Uskoti na Wales.

Chanzo

Elizabeth II alitawazwa kuwa malkia mjini London tarehe 2 Juni 1953. Katika makoloni yote sherehe ziliandaliwa, na huko Nairobi wapenzi wa magari waliamua kuadhimisha siku hiyo kwa mbio ndefu. Aliyeongoza mpango huo alikuwa Eric Cecil, Mwingereza mkazi wa Kenya, pamoja na jamaa zake wa ukoo wa Vincent. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alikataa kushindana kwa kuzunguka uwanja uleule mara nyingi. Alitaka safari ya kweli ya kuvuka nchi na kurudi.

Mashindano ya kwanza yalifanyika kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kwa hiyo sherehe ya utawala wa Kiingereza ilipita katika nchi ambayo wananchi wake wengi walikuwa wanaupinga utawala huo.

Magari yalitakiwa kuwa ya kawaida, yaani yale yaliyouzwa madukani, na yaligawanywa katika makundi. Alan Dix na Johnny Larsen, waliotumia Volkswagen, ndio wanaohesabiwa kuwa washindi wa kwanza. Cecil mwenyewe alishinda mwaka 1956 pamoja na Tony Vickers kwa gari la DKW.

Namna ya kushindana

Safari haikuwa mbio za magari kukimbia pamoja bega kwa bega. Kila gari liliondoka peke yake, dakika chache baada ya lililotangulia. Kwa kawaida ndani walikaa watu wawili: dereva na msoma ramani. Njia ilikuwa na vituo vya ukaguzi, na kila sehemu kati ya kituo na kituo ilipangiwa muda wake. Kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi moja ya adhabu. Kwa mfano, gari lililopewa dakika 60 likatumia dakika 75 lilipata pointi 15. Mwenye pointi chache kuliko wote mwishoni ndiye mshindi.

Katika miaka ya 1960 njia ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 5,000, nayo ilimalizwa kwa siku chache tu, usiku na mchana. Barabara hazikufungwa. Washindani walikutana na malori, mabasi, baiskeli, ng'ombe na wanyama wa porini. Gari lililoharibika lilitengenezwa njiani na mafundi waliosubiri mahali walipopangiwa, au na dereva mwenyewe kwa vifaa alivyobeba.

Mvua na udongo

Baadaye mashindano yalizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, yaani kipindi cha masika. Barabara nyingi hazikuwa na lami. Katika sehemu za changarawe shida ilikuwa utelezi na mito iliyofurika. Katika nyanda za chini shida kubwa zaidi ilikuwa udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi udongo huu hukauka na kupasuka nyufa pana. Mvua ikinyesha huvimba, hunata kwenye matairi na kujaza nafasi iliyo chini ya mabawa ya gari, hata magurudumu yasiweze kuzunguka.

Udongo wa namna hii uko pia katika nchi ya Wasukuma, ambao huuita "mbuga". Unaonekana katika nyanda za Kishapu mkoani Shinyanga, pande za Maganzo, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Shinyanga–Mwanza karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui. Mtu aliyewahi kusukuma gari katika udongo huo anaelewa mara moja kwa nini nguvu ya injini pekee haikutosha kushinda Safari. Dereva alihitaji kuutambua udongo kwa macho kabla ya kuuingia, kuchagua ukingo mgumu, na kujua ni mto gani utapungua baada ya saa moja na upi hautapungua.

Magari ya miaka hiyo yalifungwa vishikio na vikanyagio nyuma. Gari lilipoanza kukwama, msoma ramani alitoka na kusimama nyuma ili uzito wake uyasaidie magurudumu kushika ardhi. Isipotosha, walitegemea wanavijiji. Watu wengi wa vijijini waliijua Safari kwa njia hiyo: walisimama kando ya barabara kutazama, kisha wakaingia kwenye tope kusukuma.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yalianza 93, na mara hiyo pia yaliyomaliza yalikuwa 7. Wafikaji wa miaka hiyo miwili walipewa jina la sifa la "Saba Wasiozama". Washindi mara zote mbili walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404.

Washindani wakazi

Kwa Tanzania jina kubwa zaidi ni la Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam. Akiwa na msoma ramani Chris Rothwell, alishinda mwaka 1966 na kurudia mwaka 1967, mara zote kwa Peugeot 404. Ushindi huo ulilikuza jina la gari hilo, ambalo watu wengi waliliita "Pijo", kuwa ndilo linaloweza barabara za huku.

Kenya ilitoa washindi wengi zaidi. Bill Fritschy na Jack Ellis walishinda mwaka 1959 na 1960 kwa Mercedes. Peter Hughes na William Young walishinda mwaka 1964 kwa Ford Cortina GT, gari lililotengenezwa Uingereza.

Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945, alishinda mara tano: 1973 na kila mwaka kuanzia 1979 hadi 1982.

Waafrika weusi hawamo katika orodha ya washindi wa 1953 hadi 1973. Mchezo huu ulihitaji gari, vipuri, mafuta, mafundi na muda wa mazoezi, na kabla ya uhuru mali hizo zilikuwa mikononi mwa Wazungu na wafanyabiashara wa Kihindi. Uhuru haukuondoa tofauti hiyo mara moja. Hivyo waliosukuma magari walikuwa wengi kuliko waliopata nafasi ya kuyaendesha.

Wageni kutoka Ulaya

Umaarufu wa Safari ulivuta viwanda vya magari, kwa kuwa gari lililomaliza lilijitangaza lenyewe. Mwaka 1962 Mwingereza Pat Moss, dada yake dereva wa Formula One Stirling Moss, alishika nafasi ya tatu kwa Saab. Mwaka 1964 mume wake, Msweden Erik Carlsson, alishika nafasi ya pili. Carlsson alikumbukwa kwa kulitoa gari lake dogo katika tope kwa kulibingirisha juu ya paa lake hadi mahali pakavu. Roger Clark, mmoja wa madereva hodari wa Uingereza wa wakati huo, alishiriki pia lakini hakushinda.

Mwaka 1972 magari yaliondokea Dar es Salaam. Mwaka huo Hannu Mikkola wa Finland na Gunnar Palm wa Sweden walishinda kwa Ford Escort iliyoandaliwa Boreham, Uingereza. Walikuwa washindi wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki.

Magari yaliyoshinda, 1953–1973

Ingawa waanzilishi walikuwa Waingereza, magari ya Uingereza yalishinda mara tatu tu katika kipindi hiki:

• Volkswagen (Ujerumani): 1953, 1954, 1957, 1962
• Peugeot (Ufaransa): 1963, 1966, 1967, 1968
• Ford (Uingereza): 1955, 1964, 1972
• Mercedes (Ujerumani): 1959, 1960, 1961
• Datsun (Japani): 1970, 1971, 1973
• DKW (Ujerumani): 1956
• Volvo (Sweden): 1965
• Ford Taunus (Ujerumani): 1969

Mwaka 1958 hapakuwa na mshindi wa jumla.

Mwisho wa mzunguko wa nchi tatu

Safari ya zamani ilitegemea mipaka iliyo wazi. Baada ya uhuru nchi tatu ziliendelea kushirikiana, na mwaka 1967 zikaunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini Idi Amin alitwaa madaraka Uganda mwezi Januari 1971, na mwaka 1972 aliwafukuza Waasia. Mehta alikuwa mmoja wa waliohamia Kenya. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika Ubingwa wa Dunia wa Rally ulioanza mwaka huohuo, na Mehta akashinda baada ya kulingana pointi na Msweden Harry Källström.

Katika miaka iliyofuata mashindano yalibaki ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, hivyo kurudisha njia ya zamani hakukuwezekana.

Waingereza wa baadaye

Madereva kutoka Uingereza walipata mafanikio makubwa mwishoni mwa karne ya 20. Mskoti Colin McRae alishinda mwaka 1997 kwa Subaru, kisha 1999 na 2002 kwa Ford Focus. Richard Burns alishinda mwaka 1998 kwa Mitsubishi, ukiwa ushindi wake wa kwanza katika Ubingwa wa Dunia, na mwaka 2000 kwa Subaru. Subaru hizo ziliandaliwa na kampuni ya Prodrive, na Ford Focus na kampuni ya M-Sport, zote za Uingereza. Burns alifariki mwaka 2005 kwa ugonjwa, na McRae mwaka 2007 katika ajali ya helikopta.

Baada ya 2002 Safari iliondolewa katika Ubingwa wa Dunia. Ilirudi mwaka 2021, ikifanyika zaidi katika eneo la Naivasha kwenye barabara zinazofungwa. Mwaka 2025 Elfyn Evans wa Wales alishinda kwa Toyota, akiwa Mwingereza wa kwanza tangu McRae kushinda Safari ya Ubingwa wa Dunia.

Tanzania ina mashindano yake ya taifa, ambayo yamewahi kuwa sehemu ya Ubingwa wa Afrika wa Rally ulioanzishwa mwaka 1981. Bingwa wa kwanza wa ubingwa huo alikuwa Shekhar Mehta.