Waya wa Gitaa: Bendi za Uingereza Kwenye Televisheni, 1963–1966

Ukipata kipande cha zamani cha televisheni chenye bendi ya Uingereza, tazama kwanza waya wa gitaa. Mara nyingi hutauona, kwa sababu haukuchomekwa. Kisha ngoja mwisho wa wimbo. Sauti ikififia taratibu huku vijana wanachapa vyombo kwa nguvu zile zile, hiyo ni plebeki: santuri inazunguka, wao wanafumbua midomo tu.

Rolling Stones walianza hivyo. Julai 1963, katika kipindi cha Thank Your Lucky Stars, walivalishwa makoti ya sare wakaigiza santuri yao ya “Come On”, wimbo wa Chuck Berry. Top of the Pops ya BBC, iliyozinduliwa tarehe 1 Januari 1964 katika kanisa la zamani lililogeuzwa studio jijini Manchester, haikuficha kitu: binti alikaa mbele ya kamera akiweka santuri kwenye mashine. Plebeki ilikuwa na sababu zake: mafundi wa sauti walikuwa wamezoea okestra na watu wanaozungumza. Ampilifaya za gitaa ziliingia katika kila kipaza sauti, na ngoma zikammeza mwimbaji. Kampuni za santuri nazo zilitaka mtazamaji asikie kile kile atakachokikuta dukani.

Kwa bendi zenye nyimbo fupi za kupendeza, hasara ilikuwa ndogo. Bendi za R&B ndizo zilizoumia. Vijana hawa walijifunza muziki kwa kusikiliza santuri za Wamarekani Weusi, hasa bluzi ya Chicago, na ufundi wao ulikuwa kuurefusha wimbo ukumbini: gitaa linauliza, hamonika inajibu, mwendo unapanda hadi watu wanapagawa. Yardbirds walisifika kwa hilo katika klabu za London. Ukiwapa plebeki ya dakika mbili na nusu, umewanyang'anya kazi yenyewe.

Ndiyo maana naipa uzito mkubwa Aprili 1965. Ready Steady Go!, kipindi cha kila Ijumaa jioni kilichoanza Agosti 1963, kilihama studio yake finyu ya Kingsway, London, kwenda Wembley, na kuanzia hapo bendi zikatakiwa kupiga laivu. Kamera zilikuwa zimeshazoea kupenya katikati ya vijana wanaocheza. Sasa sauti nayo ikawa ya pale pale, pamoja na makosa yake, pumzi na jasho. The Who, ambao nguvu yao ilikuwa katika kelele na vurugu za jukwaani, wasingeweza kueleweka kwa njia nyingine yoyote.

Ila tukio ninalolithamini kuliko yote lilitokea Marekani, Mei 1965. Rolling Stones walialikwa katika kipindi cha Shindig! wakashikilia kwamba Howlin' Wolf naye apewe nafasi. Huyu alikuwa mwimbaji wa bluzi, mzaliwa wa Mississippi, jitu la miaka 54, ambaye wimbo aliowahi kuurekodi, “Little Red Rooster”, ulikuwa umewapa Stones namba moja Uingereza miezi michache tu kabla. Mtangazaji anaendelea na maswali yake, Brian Jones wa Stones anamkatiza: inatosha, mzee apande. Howlin' Wolf anaimba akitikisa mwili mzima, na Stones wameketi kando ya jukwaa wakimtazama kama wanafunzi. Watazamaji wengi wa Marekani walikuwa wakimwona kwa mara ya kwanza gwiji wa nchi yao wenyewe, na walioshinikiza aonekane ni vijana kutoka Uingereza. Deni la heshima lililipwa hadharani.

Ready Steady Go! ilifungwa Desemba 1966. Kanda za video zilikuwa ghali, na vituo vilizoea kufuta kipindi cha juzi ili kurekodi cha kesho, kwa hiyo sehemu kubwa ya Top of the Pops ya miaka ile imepotea kabisa. Mabaki ya Ready Steady Go! yalinunuliwa miaka ya 1980 na Dave Clark, mpiga ngoma wa Dave Clark Five. Anayetaka kuzijua bendi hizi aanze na mabaki hayo, hasa vipindi vya baada ya Aprili 1965, waya ulipokuwa umechomekwa.