Je, Wajua? Ndege zilizoazimwa kwa vita vya Tabora

Katika Vita Kuu ya Kwanza, kabla majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo hayajaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, ndege zao zilikuwa zimeshaidondoshea Kigoma mabomu. Zilikuwa nne tu, aina ya Short 827, na hazikununuliwa: Ubelgiji iliziazima kwa jeshi la majini la Uingereza. Zilivuka bahari kwa meli, kisha zikapanda bara kwa reli na mito ya Kongo.

Naona walichagua vizuri. Viwanja vya ndege havikuwepo, basi zikatafutwa ndege za kuelea, zisizohitaji magurudumu. Hata hivyo mawimbi ya Ziwa Tanganyika yalizishinda, kituo kikawekwa kwenye ziwa dogo la Tungwe. Windo kubwa lilikuwa meli Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Baadaye iliinuliwa, nayo ndiyo meli ya Liemba tunayoijua.

Lakini ndege ya kuelea hutaka maji. Kwetu Choma na Unyamwezi yote, nchi ya Tabora, mbali na ziwa, chaguo lile lilikosa kazi. Huku vita viliendelea kwa miguu, risasi na chakula vikiwa mabegani mwa wapagazi, na wengi wao walikufa kwa maradhi na uchovu.