Kupungua au Kupunguzwa? Sababu na Matokeo katika Ziwa Tanganyika

Kiswahili kina kauli mbili za kulieleza badiliko moja. Asemaye «samaki wamepungua» ataja badiliko tu. Asemaye «samaki wamepunguzwa» amekwisha kudai kwamba yuko mtendaji. Kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili kuna safari ndefu, na safari hiyo ndiyo kazi ya watafiti wa mazingira na maendeleo ya kudumu.

Ziwa Tanganyika, lililo mali ya Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, latoa mfano ulio wazi. Uvuvi wa kibiashara ulienea humo katikati ya karne ya 20. Baadaye dagaa, waitwao ndagala huko Bujumbura, wakaonekana kupungua. Kwa kuwa mambo hayo mawili yalifuatana, ilikuwa rahisi kuwalaumu wavuvi. Lakini kufuatana si kusababishana.

Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walieleza njia nyingine. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, nayo hayachanganyiki vema na maji ya vilindini, yaliko virutubisho. Mwani hukosa chakula. Wadudu wa majini wanaoula mwani hupungua. Na dagaa, wanaowala wadudu hao, hupungua pia. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulishuka kwa asilimia 20 hivi, upungufu uwezao kushusha mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi.

Mwaka 2006, Jouko Sarvala na wenzake walipinga: mavuno hufuata zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe. Hoja yao ina uzito, kwani samaki walionaswa wavuni si kipimo kamili cha samaki waliomo majini.

Ushahidi usiotegemea nyavu ulihitajika. Mwaka 2016, Andrew Cohen na wenzake walichapa matokeo ya kuchunguza tope lililotuama chini ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, pamoja na mabaki ya samaki yaliyohifadhiwa humo. Walikuta kwamba upungufu ulianza kabla ya uvuvi wa kibiashara. Basi, kwa kuwa matokeo hayawezi kuitangulia sababu yake, uvuvi huo hauwezi kuwa chanzo cha kwanza.

Hata hivyo, hoja hiyo haiziondolei nyavu lawama zote. Sababu mbili huweza kutenda pamoja: joto hupunguza chakula cha samaki, na nyavu huwamaliza wachache waliosalia.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Iwapo nyavu pekee ndizo sababu, mapumziko kama hayo yanaweza kurudisha samaki. Iwapo joto nalo limo, yatawapa nafasi ya kuzaliana, bali hayatarudisha mwani uliopotea. Mvuvi aambiwaye kukaa miezi mitatu bila riziki anastahili kujua ni lipi kati ya hayo mawili analoahidiwa.