Kinga ndogo ya kuruka udongo: kazi kubwa iko kwenye kutua

Pale Miti, kwenye kona ambapo njia ya Tshivanga na Bunyakiri inaachana na ile ya Kavumu, kila mtu anajua kinga kwa kazi yake: kubeba bido za maji, makaa, mihogo, siku ingine mgonjwa kwenye kiti cha nyuma. Kinga ya namna hiyo ina magurudumu makubwa, inchi 28 ao 26. Lakini kuna ingine, fupi, ya inchi 20, ambayo vijana wanaitafuta kwa sababu moja tu: kukimbia kuelekea kilima cha udongo, kupaa hewani na kutua ngambo ya pili. Kwa jina la kizungu ni BMX. Wazazi wengi wanaona ni mchezo wa kuvunja meno. Si uongo kabisa. Ila meno hayavunjiki juu ya kuruka. Yanavunjika juu ya kutua na chuma kilichochaguliwa vibaya, ao kutua mahali palipojengwa vibaya.

Mchezo wenyewe ulianzia California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto waliopenda mashindano ya pikipiki za udongo, lakini hawakuwa na pikipiki, walichukua kinga zao ndogo, wakazivua taa na vizuia-matope, wakaanza kushindana kwenye viwanja vya wazi. Zilikuwa kinga za kuzungukia mtaa, basi zilipinda na kukatika. Ndipo mafundi wakaanza kutengeneza zenye mwili mgumu zaidi. Mwaka 2008 mbio za BMX ziliingia katika michezo ya Olimpiki kule Beijing, na mwanamke wa kwanza kuzishinda alikuwa Mfaransa Anne-Caroline Chausson. Ufundi wa kuruka na kugeuka hewani ulifuata kwenye Olimpiki ya Tokyo, ile iliyochezwa mwaka 2021.

Kwa nini gurudumu dogo? Gurudumu la kinga linashikwa na reyo, zile nyaya nyembamba kutoka katikati mpaka kwenye janti. Reyo ikiwa fupi, janti haiyumbi upande kwa urahisi. Mtu akitua vibaya kidogo, gurudumu la inchi 28 linaweza kupinda kama sahani ya plastiki, lakini lile la inchi 20 linavumilia. Tena kinga inakuwa chini, mwendeshaji anasimama juu ya pedali bila kiti kumgonga, na akiona mambo yameharibika anaweza kuitupa pembeni na kutua kwa miguu.

Watu wa Kivu hawahitaji kwenda California kujifunza jambo hilo. Chukudu ya Goma, Rutshuru na Masisi, ile iliyopewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji wa Goma, inabeba mamia ya kilo juu ya magurudumu mawili madogo ya mti yaliyovalishwa vipande vya pine za zamani. Inatengenezwa kwa mti mgumu wa mumba na mkaratusi. Chukudu hairuki, lakini inateremka na mzigo juu ya mawe, na kila jiwe ni kutua kudogo. Ingekuwa na magurudumu membamba na marefu, isingefika sokoni.

Gurudumu dogo lina ubaya wake pia: linaingia kwenye mashimo ambayo kubwa lingeyavuka, na kwa safari ndefu linachosha. Kwa hiyo nyumba yenye kinga moja tu, ile ya kuleta maji na kupeleka bidhaa sokoni, haina sababu ya kuikata ili kijana apate ya kuruka. Hiyo ni hasara bila mjadala.

Kinga hizi za inchi 20, zinapopatikana soko la Kadutu ao kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika, nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Muuzaji atasema, "Hii iko nguvu, ni ya Ulaya." Neno hilo halina maana. Ulaya nako kuna kinga dhaifu.

Mbele ya kulipa, mnunuzi aende na sumaku. Ile iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa inatosha. Aipitishe juu ya kadre, yaani mwili wote wa mabomba ya kinga. Sumaku ikishika vizuri, ni chuma cha kawaida. Isiposhika kabisa, mara nyingi ni aluminiamu. Na ikishika huku lakini mahali fulani inalegea, hapo pengine kuna mastiki chini ya rangi, maana yake mtu alificha shimo ao ufa. Kwa kinga iliyotumika, chuma ni bora kuliko aluminiamu, hata kama ni kizito. Chuma mara nyingi kinapinda mbele ya kukatika, kinampa mtu nafasi ya kuona. Aluminiamu inaweza kuachia kwa ghafla, na fundi wa kuchomelea wa pembeni mwa njia mara nyingi hana mashine ya kuirudisha.

Kisha aigeuze kinga juu chini. Bomba la chini la kadre, karibu kabisa na pale linapokutana na kichwa cha gido, ndipo historia yake imeandikwa. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, ao chuma kilichofanya mikunjo kama ngozi ya mzee, ni alama kwamba kinga hiyo imeshatua vibaya. Bei yake ikishuka mpaka nusu, bado aiache.

Zile zenye resori nyingi katikati zinavutia macho ya watoto. Za bei ndogo ni nzito, viungo vyake vinalegea haraka, na resori inamrusha mwendeshaji wakati hakutaka. Kadre iliyo kavu, bila resori, ndiyo ya kuruka. Urefu wake unapimwa kwa bomba la juu: kijana aliyekwisha kuwa na kimo cha mtu mzima anahitaji karibu sentimeta 51 mpaka 53, mtoto mdogo chini ya hapo.

Kinachofuata ni furshi, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na hapa hakuna huruma. Gurudumu la nyuma likiharibika, mtu anakaa chini. Furshi ikikatika, anaanguka kwa uso. Furshi iliyowahi kuchomelewa haifai kuruka, hata kama fundi ni ndugu wa damu. Iliyorudishwa nyuma kwa kugonga ukuta, pia hapana. Gido za zamani zinashikwa na kipande kinachozama ndani ya bomba la furshi, na kwenye kipande hicho kuna mstari uliochorwa kiwandani. Mstari ukionekana nje, gido imepandishwa kupita kiasi na siku moja itabaki mkononi.

Sasa magurudumu. Kuna mtego ambao unawakula hata watu wazima: inchi 20 ziko mbili. Ubavuni mwa pine kuna namba ndogo, kama 54-406 ao 37-451. Namba ya mwisho ni kipimo cha janti kwa milimeta. Kinga za kuruka kwa kawaida ni 406; 451 ni ya pine nyembamba, na moja haiingii kwa ingine hata kwa nyundo. Kabla ya kununua pine peke yake sokoni, asome namba, asitazame kwa macho tu. Reyo 36 kwa kila gurudumu ndicho kiasi kizuri. Ziminywe mbili mbili kwa vidole kuzunguka lote, na zile zinazolegea zikazwe mbele ya siku ya kwanza. Mhimili wa nyuma kwenye kinga nyingi za watoto una unene wa milimeta 10 hivi, wakati kinga zilizotengenezwa kwa kuruka kweli zina milimeta 14. Kijana mwepesi anayejifunza anaweza kuanza na ule mwembamba, lakini ajue kwamba utapinda, na gurudumu likianza kugusa kadre ndiyo habari yake.

Vitesi vingi havisaidii kitu. Vinagonga chini, vinaangusha sheni. Meno 44 mbele na 16 nyuma ndiyo mpango wa zamani unaojulikana. Kila mzunguko wa pedali unasogeza kinga mita 4 na kidogo. Kwa milima ya Kabare mtu anaweza kuchukua meno machache zaidi mbele, miguu itamshukuru.

Freni ni suala la kubishana. Kwenye video, vijana wa nje wanaonekana bila freni hata moja. Wao wako ndani ya viwanja vilivyofungwa. Hapa mteremko mwingi unaishia barabarani, na barabarani kuna malori ya Bukavu na motari wenye haraka. Freni moja ya nyuma, ya mkono, yenye mpira mpya, ni lazima. Ile ya kurudisha pedali nyuma inasimamisha kinga vizuri, lakini hewani inasumbua: mtu akitaka kusawazisha pedali zake, gurudumu linajifunga.

Kuna kitu kidogo ambacho hakiuzwi na ambacho kinaua. Ncha za gido zikiwa wazi, mtoto akiangukia juu yake, bomba linaingia tumboni kama kisu cha kukatia mandazi. Wakati mwingine ngozi haipasuki hata. Bandama ao ini ndilo linalopasuka ndani. Kipande cha mti kilichochongwa na kugongewa ndani, kisha mpira juu yake, kinafunga ncha. Mtoto aliyegongwa tumbo na gido, akilalamika maumivu, kutapika ao kizunguzungu, apelekwe kwenye kituo cha afya siku ile ile, hata kama hakuna damu. Hakuna kusema "atalala itapita."

Kofia ya pikipiki ni nzito kwa mchezo huu, lakini kuliko kichwa kitupu, ivaliwe. Kandambili hapana. Mguu unateleza, pedali inarudi na kuchana mfupa wa mbele.

Kinga ikishakuwa tayari, nusu ya kazi bado iko ardhini. Mtu anayeshuka kutoka urefu wa mita 1 anafika chini kwa mbio za kilomita 16 hivi kwa saa, akielekea chini moja kwa moja. Akitua mahali pa tambarare, mbio hizo zote zinaingia kwenye janti, furshi, magoti na mgongo. Akitua kwenye mteremko unaofanana na njia yake ya kushuka, sehemu kubwa inageuka kuwa mwendo wa mbele. Ndiyo maana vijana wanaojenga mlima wa kupandia peke yake, bila mlima wa kushukia, wanavunja kinga kila juma na kulaumu wachina.

Wa kuanzia uwe kama meza: kupanda, juu tambarare, kisha kushuka. Sentimeta 50 za urefu zinatosha, juu mita 1 na nusu hivi, na upande wa kushukia uwe mrefu kuliko ule wa kupandia. Anayeshindwa kufika ngambo anatua juu ya meza, si ndani ya shimo. Siku za kwanza avuke polepole bila kuruka, magurudumu yote chini, mpaka mwili uzoee.

Udongo mweusi wa juu, wenye mizizi na majani, utolewe na uwekwe pembeni, haushikani. Ule mwekundu wa chini ndio wenye kushika. Unawekwa tabaka kwa tabaka ukiwa na unyevu kidogo, na kila tabaka inapigwa kwa mgongo wa chepeo mpaka inalia kama sakafu. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, unapasuka na kuwa vumbi, kwa hiyo unanyunyiziwa maji jioni. Mvua ikirudi Septemba, mtaro mdogo upande wa juu unageuza maji yasipite juu ya kilima. Kwenye mteremko mkali mtaro huo usiwe mzaha: mfereji wa wachezaji unaweza kuwa korongo la jirani mwaka ujao.

Na jirani huyo ana jina. Kule Bushi ardhi ina mwenyewe, hata ikionekana tupu. Wengine walipewa kwa kalinzi, wengine wana karatasi ya serikali. Kumuuliza mwenye shamba na kumjulisha chifu mbele ya kuchimba ni rahisi kuliko kesi. Upande wa mbuga ya Kahuzi-Biega hakuna kuchimba kabisa. Vilevile mahali palipokuwa kambi ya askari ao mapigano: chuma kisichojulikana kikionekana ardhini, kisiguswe, chepeo iachwe hapo hapo, na watu wazima waitwe.

Siku ya kwanza ya kuruka isiwe ndefu. Baada ya miruko kumi hivi kinga igeuzwe tena juu chini, na ufunguo upite kwenye nati za magurudumu, gido na pedali, kwa sababu chuma kipya kilichokutana na udongo kinalegea mara moja. Reyo ziminywe tena. Bomba la chini litazamwe pale pale karibu na kichwa. Kisha kilima kifunikwe kwa majani ya migomba, maana mvua ya Miti haipigi hodi.